Kutoka Uwanjani hadi Ofisini: Historia ya Mwonekano wa Juu katika Michoro ya Majengo na Makazi, Arua na Koboko, 1894–2020

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mwonekano wa juu, yaani mchoro unaoonyesha jengo au makazi kana kwamba yanatazamwa wima kutoka angani, katika maeneo ya Arua na Koboko, West Nile, Uganda. Kipindi kinachoshughulikiwa kinaanza na mkataba wa mpaka wa mwaka 1894 na kuishia kuundwa kwa Jiji la Arua mwaka 2020. Hoja kuu ni kwamba wakazi wa eneo hili hawakuwa wageni wa mchoro wa aina hii. Mjenzi wa nyumba ya msonge huuchora juu ya udongo, kwa ukubwa wake halisi, kabla ya kusimamisha ukuta. Kilichobadilika katika karne ya 20 ni mahali pa mchoro na mwenye kuushika. Ulitoka uwanjani ulikoonwa na wote, ukahamia ofisini, ukapunguzwa kwa skeli na kuwekewa kanuni ambazo watu wengi hawakufundishwa. Makala yanaonyesha athari za mabadiliko hayo kwa umiliki wa ardhi na kwa mipango ya makazi, kisha yanapendekeza hatua za kiutendaji na za kiistilahi.

Istilahi za msingi: mwonekano wa juu, ramani, mkato, upenu, boma, West Nile

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, neno moja hubeba mzigo mkubwa. Mchoro wa nchi ni ramani; mchoro wa mji ni ramani; mchoro wa vyumba vya nyumba ni ramani; hata mchoro wa uso wa nyumba, wenye mlango na madirisha yake, fundi wengi huuita ramani. Msanifu majengo hutofautisha michoro hiyo kwa uangalifu, kwa sababu kila mmoja hujibu swali tofauti. Mwananchi anayewekewa karatasi mezani na kuombwa maoni hana namna ya kujua kwa jina peke yake kama anatazama paa, sakafu, mpaka au ukuta.

Historia ya neno lenyewe inafundisha. Wataalamu wa asili ya maneno hulihusisha na rahmani, jina ambalo mabaharia wa Bahari ya Hindi walikipa kitabu cha kuongozea safari. Rahmani haikuwa picha iliyotazamwa kutoka juu. Ilikuwa maelezo ya njia: nyota za kufuata, pepo za kungoja, alama za pwani za kutafuta kwa macho. Ilisemwa kutoka mahali alipoketi nahodha chomboni. Neno lililokuja kutaja mwonekano wa juu lilianza, basi, kama simulizi ya msafiri aliye usawa wa maji. Tofauti hiyo kati ya anayepita mahali na anayepatazama kutoka juu ndiyo uzi unaounganisha makala haya.

Arua na Koboko zimechaguliwa kwa sababu katika muda wa miaka isiyozidi 130 zimepitiwa na karibu kila aina ya mchoro wa juu ambao dola huutumia: mstari wa mpaka wa kimataifa, mpango wa kituo cha utawala, safu za kambi, picha za angani, viwanja vya wakimbizi, na hatimaye mpango wa jiji. Kila mchoro uliacha alama ardhini. Swali linaloulizwa hapa ni nani aliweza kuusoma, na ni nini ambacho mchoro wenyewe haukuweza kukionyesha.

2.0 Mwonekano wa juu na kanuni zake

Mwonekano wa juu ni wa kale. Sanamu ya Gudea, mtawala wa Lagash katika Mesopotamia, iliyochongwa yapata miaka 2100 kabla ya Kristo, inamwonyesha akiwa ameketi na mchoro wa ukuta wa jengo mapajani mwake. Vitruvius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliuita mchoro huo kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kuchora unyayo. Tamathali hiyo ni sahihi. Ramani ya sakafu ni unyayo wa jengo, alama ambayo lingeiacha ardhini kama lingeinuliwa na kuondolewa.

Hata hivyo, kanuni za leo zimekwenda mbali na unyayo. Ramani ya sakafu haionyeshi jengo linavyoonekana kwa ndege. Ndege angeona paa. Ramani ya sakafu hudhani kwamba jengo limekatwa kwa mlalo, kwa kawaida kwenye kimo cha mita 1 hadi 1.2 kutoka sakafuni, sehemu ya juu imeondolewa, na mtazamaji anatazama chini kile kilichobaki. Kuta zilizokatwa huchorwa kwa mstari mnene. Vitu vilivyo chini ya mkato, kama vile ngazi na meza, huchorwa kwa mstari mwembamba. Vilivyo juu ya mkato, kama ukingo wa paa, huonyeshwa kwa vistari vilivyokatikakatika. Ramani ya paa haikati kitu. Huonyesha jengo kutoka nje. Ramani ya eneo huonyesha majengo, mipaka ya kiwanja, njia na miti, na mara nyingi huchora jengo kwa umbo la paa lake.

Jambo la pili ni kwamba mchoro huu hauna jicho. Anayepanda mlima na kutazama bonde huona vitu vya karibu vikiwa vikubwa na vya mbali vikiwa vidogo. Katika mwonekano wa juu, mistari yote ya macho hushuka wima na sambamba, kana kwamba mtazamaji yuko juu ya kila nukta kwa wakati mmoja. Wazee wa West Nile wanaujua mtazamo wa mlimani. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa Walugbara kati ya 1949 na 1952, aliandika jinsi mashujaa wa asili, Jaki na Dribidu, walivyohusishwa na milima ya Liru na Eti, ambayo huonekana kutoka sehemu nyingi za nchi ya Walugbara. Ukiwa Liru, karibu na Koboko, waona mashamba, moshi na njia, na wajua pia mahali uliposimama. Ramani ya ofisini huficha mahali aliposimama mchoraji. Kwa kuwa haina jicho, huonekana kana kwamba haina mwenyewe.

3.0 Mchoro juu ya udongo

Ujenzi wa nyumba ya msonge huanza kwa mchoro. Mahali pakishasafishwa, hupigiliwa kigingi katikati, hufungwa kamba, na mjenzi huzunguka akikwaruza ardhi kwa ncha ya kijiti. Duara linalopatikana ni ramani ya sakafu kwa skeli ya moja kwa moja: mita moja ya mchoro ni mita moja ya nyumba. Mlango huamuliwa papo hapo, kwa kutazama upepo, njia ya kuingilia, na nyumba nyingine za boma. Mke, kaka, jirani na mzee wa ukoo wote waweza kuona mstari na kuuhoji. Mtu akiona duara limekaribia mno kaburi au njia ya mifugo, husema, na kamba hufunguliwa ikafungwa upya. Huo ni mwonekano wa juu uliokamilika, na msomaji wake hahitaji shule kwa sababu anasimama ndani yake.

Kinachofuata ndicho ambacho ramani ya karatasi hukieleza kwa shida. Chukua mfano wa nyumba ya msonge yenye kipenyo cha mita 4 ukutani, na upenu unaochomoza sentimeta 80 kuuzunguka ukuta. Sakafu ya ndani ina eneo la takriban mita za mraba 12.6. Paa likitazamwa kutoka juu lina kipenyo cha mita 5.6 na eneo la takriban mita za mraba 24.6, yaani karibu mara mbili. Nusu hiyo ya pili ni upenu: mahali pa kuketi mvua inaponyesha, pa kuegemeza majembe, pa kumpokelea mgeni ambaye hajaalikwa ndani. Katika ramani ya sakafu, sehemu hiyo yote ni duara la vistari vilivyokatikakatika. Katika picha ya angani, nayo huhesabiwa kuwa nyumba.

Ghala la nafaka ni mfano mwingine. Ghala huinuliwa juu ya nguzo ili kuikinga nafaka na unyevu na panya. Mkato wa mlalo ukipita chini ya sakafu ya ghala, mchoro utaonyesha vidoti vichache vya nguzo. Chakula cha mwaka kilicho juu ya mkato kitaonekana kwa vistari hafifu, au hakitaonekana kabisa. Kwa mjenzi na mwenye boma, ghala ni miongoni mwa vitu vizito zaidi uwanjani. Kwa kanuni za mchoro, ni miongoni mwa vyepesi zaidi.

Zaidi ya hayo, boma halina jengo moja. Kuna nyumba za kulala, jiko, maghala, nyumba ya vijana, uwanja uliofagiliwa, na makaburi ya waliotangulia. Uwanja ni chumba kisicho na kuta. Mchoro unaotambua kuta peke yake huuona uwanja kuwa nafasi tupu, na historia ya karne ya 20 inaonyesha kwamba nafasi tupu katika ramani hupata mwenyewe mpya upesi.

4.0 Mstari wa 1894 na kituo cha 1914

Mchoro wa kwanza wa dola kuigusa nchi hii ulifanywa mbali nayo. Mkataba wa Mei 12, 1894, kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, ulitaja mgawanyiko wa maji kati ya Mto Nile na Mto Kongo kuwa mpaka, na ukatumia longitudo ya 30 Mashariki kutenganisha sehemu mbili za ardhi iliyokodishwa. Eneo lililo mashariki ya longitudo hiyo, ambalo ndani yake imo Arua ya leo, lilikodishwa kwa muda wa utawala wa Leopold mwenyewe. Alipofariki Desemba 1909, ukodishaji ulikoma. Mwaka 1910 Eneo la Lado likawekwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda.

Mistari hiyo miwili ni ya tabia tofauti. Longitudo haionekani popote ardhini. Ipo katika hesabu na katika mwonekano wa juu tu. Mgawanyiko wa maji, kwa upande wake, mkulima anaujua: mvua ikinyesha, maji huku huenda Nile na maji kule huenda Kongo. Hata hivyo, kwa mkulima mwinuko ule ulikuwa mahali pa kuishi na kulima pande zote mbili, hali katika mkataba uligeuka kuwa ukingo wa dola. Walugbara walijikuta Uganda na Kongo, kuanzia Arua hadi Aru. Wakakwa walijikuta katika mamlaka tatu, na mpaka leo, Salia Musala karibu na Koboko, mipaka ya Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini hukutana. Jambo ambalo watu walilisoma kwa maji yanavyotiririka lilisomwa na wanadiplomasia kama mstari.

Mwaka 1914, A. E. Weatherhead, mkuu wa kwanza wa wilaya, alianzisha kituo cha Arua. Kipindi hicho ndicho ambacho Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya ya jamii, alikuwa akichunguza miji ya Afrika Mashariki kwa niaba ya serikali ya Uingereza. Ripoti yake ilipendekeza miji igawanywe kwa kanda za Wazungu, Waasia na Waafrika, zikitenganishwa na nafasi za wazi. Mawazo ya aina hiyo hayawezi kutekelezwa bila mwonekano wa juu. Kanda ni dhana ya ramani. Anayetembea barabarani haoni kanda, huona majirani. Hivyo, mji wa kikoloni ulikuwa mchoro kabla ya kuwa mji, wakati boma lilikuwa maisha ambayo mchoro wake ulifuata hatua kwa hatua.

5.0 Laini: mchoro ulioingia katika lugha

Wapo watu wa West Nile walioujua mwonekano wa juu kwa kuishi ndani yake. Njia moja ilikuwa jeshi. Askari wa Emin Pasha waliobaki karibu na Ziwa Albert, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 kuitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ni miongoni mwa wahenga wa jamii ya Wanubi. Wao, na baadaye vijana wa West Nile walioandikishwa katika jeshi la Mfalme, waliishi katika safu za nyumba zilizopangwa kwa kamba. Njia nyingine ilikuwa kazi za mashamba. Kwa miongo kadhaa West Nile ilikuwa chanzo cha vibarua, na wengi walikwenda kwenye mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, ambako wafanyakazi walipangiwa makazi ya safu.

Kiswahili, kilichokuwa lugha ya kambi na ya kazi, kilipokea neno la makazi hayo: laini. Kuishi laini ni kuishi katika nyumba ambayo nafasi yake iliamuliwa na mchoro wa mtu mwingine. Neno hilo lilisafiri hadi Kibera, Nairobi, makazi ya askari Wanubi, ambako jina la Laini Saba linakumbusha uwanja wa kulengea shabaha. Ni mfano adimu wa neno la mchoro kuwa neno la maisha. Yapasa kuona kwamba liliingia kwa upande wa utii: lilitaja mahali pa kupangiwa na kuhesabiwa, wala halikutaja mahali pa kupanga. Kwa aliyerudi nyumbani Koboko kutoka kambini, mstari ulionyooka ulikuwa na maana ya amri muda mrefu kabla ya kuwa na maana ya usanifu.

6.0 Kutoka angani: picha, skeli na kilichopotea

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza iliunda mwaka 1946 idara ya upimaji wa makoloni, iliyotegemea picha zilizopigwa na ndege. Picha mbili zilizopigwa kutoka sehemu tofauti, zikitazamwa pamoja kwa kifaa maalumu, humwezesha mchoraji kuona miinuko na kusahihisha upotofu wa jicho la kamera. Kwa njia hiyo Uganda ilipata mfululizo wa ramani za skeli ya 1:50,000, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa msingi wa mipango ya barabara, shule na mipaka ya utawala.

Skeli ni uamuzi kuhusu nini kitaonekana. Nyumba yetu ya mfano yenye kipenyo cha mita 4 huwa duara la sentimeta 4 katika mchoro wa 1:100, na hapo mlango na unene wa ukuta huonekana. Katika mpango wa 1:2,500 huwa duara la milimita 1.6. Katika ramani ya 1:50,000 ingekuwa sehemu 8 za mia za milimita, ambayo ni ndogo kuliko unene wa mstari wa kalamu. Kwa hiyo mchoraji hana budi kuweka alama moja kwa kundi la nyumba, au kutoweka kitu. Barabara, kinyume chake, huchorwa pana kuliko ilivyo ili isomeke. Msomaji asiyejua kanuni hiyo hudhani kwamba barabara ni kubwa na boma halipo.

Sheria nazo ziliufuata mchoro. Sheria ya mipango ya miji na vijiji ya 1951, iliyorekebishwa 1964, ilifanya kazi katika maeneo yaliyotangazwa kuwa ya mipango. Nje ya maeneo hayo ardhi ya West Nile iliendelea kushikiliwa kimila, kwa kumbukumbu za watu, kwa miti, mawe na makaburi. Amri ya Marekebisho ya Ardhi ya 1975, iliyotolewa na serikali ya Idi Amin, ambaye familia yake ilitokana na Wakakwa wa Koboko, ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma. Mtawala aliyejua maisha ya laini aliyafanya mabonde ya wazee wake, kisheria, kuwa karatasi tupu. Ni Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zilizotambua upya umiliki wa kimila na kuruhusu vyeti vyake.

7.0 Uhamisho na kiwanja cha mraba

Baada ya kuanguka kwa Amin mwaka 1979, na hasa kuanzia Oktoba 1980, mapigano na visasi viliharibu miji ya Arua na Koboko, na watu wengi walikimbilia Zaire na Sudan. Mauaji ya Juni 1981 katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, yangali katika kumbukumbu za wenyeji. Barbara Harrell-Bond, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu misaada kwa wakimbizi hao katika wilaya ya Yei, alieleza makazi yaliyopangwa kutoka juu, na jinsi mipango ya watoa misaada ilivyopishana na namna wakimbizi wenyewe walivyopanga maisha yao.

Historia ilijirudia kwa kugeuka. Kuanzia 2013, na kwa wingi zaidi mwaka 2016, waliovuka mpaka walikuwa watu wa Sudan Kusini wakiingia West Nile. Bidi Bidi, iliyofunguliwa Yumbe Agosti 2016, ilikuwa na zaidi ya wakazi 270,000 mwaka uliofuata. Koboko ilikuwa na makazi ya Lobule kwa wakimbizi wa Kongo. Katika Bidi Bidi familia ziligawiwa viwanja vya makazi vya mita 30 kwa mita 30. Mraba huo una sifa zake: ni rahisi kuupima, kuuhesabu na kuugawa kwa haki wakati malori yanaendelea kuwasili. Wapokeaji wengi waliujaza kwa mpangilio wanaoujua, yaani nyumba kuzunguka uwanja, jiko pembeni, upenu ukielekea njia. Katika mraba wa dola lilikua duara la boma. Ukitazama kutoka angani utaona vyote viwili kwa pamoja, na pengine huo ndio ushahidi bora kwamba mchoro haumalizwi na mchoraji.

Teknolojia mpya imeongeza uzito wa suala hili. Tangu 2021, Google imesambaza hifadhidata ya majengo ya Afrika yaliyotambuliwa kwa programu kutoka picha za setilaiti, kazi iliyoongozwa kutoka Accra. Hifadhidata ya namna hiyo ni msaada mkubwa kwa mpangaji wa zahanati au chanjo. Lakini programu huhesabu mapaa. Boma moja lenye mapaa sita si kaya sita, na paa la mita za mraba 24.6 si sakafu ya mita za mraba 24.6. Mshauri wa sera anayegawanya idadi ya watu kwa mapaa bila kujua boma lilivyo atakosea kwa utaratibu uleule kila mahali palipo na nyumba za msonge.

8.0 Jiji la Arua na karatasi ya ukutani

Sheria ya mipango ya 2010 iliitangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango. Kwa kalamu moja, kila boma likawa ndani ya ramani inayoweza kuchorwa. Julai 1, 2020, Arua ikawa jiji lenye tarafa mbili, Arua ya Kati na Ayivu. Sehemu kubwa ya Ayivu ni mashamba na maboma yaliyoshikiliwa kimila. Mtu aliyelala mkulima aliamka mkazi wa jiji, na barabara iliyopangwa kwa mwonekano wa juu huweza kupita juu ya uwanja wake kabla hajaiona kwa macho.

Sheria inataka mipango iwekwe mahali pa wazi ili wananchi waikague na kutoa pingamizi. Nia ni njema, lakini kuonyesha si kueleweka. Karatasi iliyobandikwa ukutani hugeuza mwonekano wa juu kuwa kitu kilichosimama. Kaskazini huwa juu na kusini huwa chini, na msomaji lazima aulaze mchoro akilini, augeuze ufuate alipo, apate skeli, kisha atambue kwamba mstari mwekundu ni hifadhi ya barabara na si barabara yenyewe. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye takriban kilomita 92, inatoa funzo. Upana wa lami mtu huuona. Upana wa hifadhi yake upo katika mchoro tu, mpaka siku mawe ya mipaka yanapopandwa. Muda wa pingamizi unapopita kabla ya siku hiyo, haki ya kusikilizwa imetekelezwa katika karatasi peke yake.

Makaburi yanastahili kutajwa peke yake. Katika boma la Walugbara na la Wakakwa, kaburi ni ushahidi wa nani aliishi hapa na kwa muda gani. Likiwa halina jengo juu yake, picha ya angani hailitambui, na ramani ya eneo huliacha nje isipokuwa mpimaji ameambiwa. Hapo mwonekano wa juu hufuta hati ya kimila na kuacha nafasi tupu, na nafasi tupu ndiyo mpangaji huitafuta kwanza.

9.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba tatizo la kusoma mwonekano wa juu Arua na Koboko halitokani na wananchi kutoujua mchoro. Mchoro wa juu ulikuwapo uwanjani, ukionwa na kujadiliwa na wote. Mkataba wa 1894, kituo cha 1914, laini za kambi, ramani za angani na viwanja vya mraba viliujenga upya mahali ambapo msomaji hakuwapo. Kwa hiyo tiba haiwezi kuwa kuwafundisha watu karatasi peke yake. Ni kuurudisha mchoro ardhini.

Kwanza, mpango wowote wa barabara, kiwanja au huduma unaogusa boma upigiwe vigingi na kamba mahali penyewe kabla ya muda wa pingamizi kuanza kuhesabiwa. Gharama ya kamba ni ndogo kuliko ya kesi.

Pili, ramani ya eneo inayowasilishwa kwa idhini ionyeshe makaburi, maghala, uwanja na upenu kwa alama zilizoelezwa, na iambatane na mkato walau mmoja wa wima, kwa kuwa kilicho juu ya nguzo au chini ya paa hakionekani kutoka juu.

Tatu, takwimu zinazotokana na mapaa zisitumike kugawa rasilimali bila kuhesabu sampuli ya maboma kwa miguu.

Nne, Kiswahili kipewe istilahi zinazotenganisha michoro hii. Inapendekezwa kutumia ramani ya sakafu kwa mkato wa mlalo, ramani ya paa kwa mwonekano usiokatwa, ramani ya eneo kwa jengo na kiwanja chake, mkato kwa mchoro wa wima wa ndani, na mwonekano wa upande kwa sura ya nje. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya 2005 yaliruhusu Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 unataka kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, inaweza kushirikiana na wasanifu majengo na wapimaji ardhi kusanifisha istilahi hizo, ili somo la ramani darasani Koboko lianze na duara ambalo mtoto amelichora mwenyewe uwanjani kwa kigingi na kamba.